Piga, zungusha, safisha: historia fupi ya drili ya nyundo, nikiwa Ngaremara

Najua blogu hii imekaa kimya majuma kadhaa, na najua wengi wenu mnakuja hapa kusoma mambo ya programu, seva na hifadhidata. Leo nawaletea tundu ukutani. Msiondoke kwanza, maana ndani ya tundu hilo nimekuta algorithimu moja ya zamani kuliko kompyuta zote, na hitilafu moja ambayo haijarekebishwa kwa zaidi ya miaka 100.

Ilianza hivi. Niliitwa kufunga intaneti katika shule moja huko Ngaremara. Kwa wasiopajua, Ngaremara ni wadi katika Kaunti ya Isiolo. Ukitoka mjini Isiolo unashika barabara kuu ya Moyale kuelekea kaskazini, unaifikia kabla ya Archer's Post. Wakazi wengi ni Waturkana, na ndiko kuliko na mojawapo ya mageti ya hifadhi ya Buffalo Springs. Mama yangu ni mzaliwa wa huko, kwa hiyo kazi ilikuwa pia safari ya nyumbani.

Kwenye karatasi kazi ilikuwa nyepesi: dishi la setilaiti juu ya paa, waya mmoja uingie ofisini, mwingine upite ukuta wa pili hadi chumba cha kompyuta. Matundu mawili tu. Nilibeba drili yangu, ile niliyonunua nikiwa chuo kikuu kutundikia rafu. Ina swichi yenye picha ya nyundo, na kwa hesabu zangu picha hiyo ilitosha.

Ukuta ulikuwa wa mawe meusi ya lava. Sehemu hizo za Isiolo ndipo lava iliyotiririka kutoka milima ya Nyambene inapokutana na miamba mikongwe ya kaskazini, na mafundi hujengea kile kilicho karibu. Baada ya dakika 20 nilikuwa na kovu dogo ukutani, harufu ya kuungua, na biti mbili zilizokwisha ncha.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni fundi wa mawe wa siku nyingi. Alikuwa amekuja kunisalimu. Akaitazama drili, akanitazama mimi, akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, hiyo ni ya mbao."

Akatuma mtoto amletee tindo na nyundo.

Algorithimu ya mjomba

Niliketi nikamwangalia. Anapiga. Kila baada ya pigo anazungusha tindo kidogo, kama robo ya mzunguko. Baada ya mapigo kadhaa anaacha, anatia kijiko chembamba alichokitengeneza mwenyewe kwa waya uliopondwa, anatoa unga wa jiwe. Kisha anachovya kitambaa majini, anakikamulia mdomoni mwa tundu, anaendelea. Mimi ni mtu wa programu, kwa hiyo nikaiandika kwenye daftari langu hivi:

rudia mpaka tundu litimie:
   piga
   zungusha
   safisha

Kila mstari una sababu yake. Jiwe halikatwi kama mbao. Mbao ina nyuzi, biti inazichana. Jiwe linapasuka: pigo kali linaponda chembe chini ya ncha na kutia nyufa pembeni. Usipozungusha, pigo la pili linaingia kwenye alama ile ile, tindo linakwama kama shoka kwenye gogo. Ukizungusha, kila pigo linakuta jiwe jipya. Usiposafisha, unapiga unga, na unga unameza nguvu kama godoro.

Tundu moja lilimchukua dakika 50. Akaomba maji ya kunywa.

Wakati huo binamu yangu, mwanawe mjomba, akafika kwa pikipiki kutoka mjini na mashine kwenye mkoba wa plastiki ngumu. Ndiyo hiyo wanayoiita rotari hama. Akaiunganisha na jenereta, akaweka biti ndefu. Kabla hajabonyeza swichi, mjomba akainuka akatoka nje, akaenda kuketi mbali kabisa, chini ya mgunga, upande upepo unakotoka. Sikuelewa kwa nini.

Tundu la pili lilichukua chini ya dakika 2. Chumba kizima kikawa cha kijivu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale nikirekodi video kwa simu ili niwawekee hapa.

Usiku sikulala haraka. Nilitaka kujua: kutoka dakika 50 hadi 2, katikati kulitokea nini? Basi tuanze.

Kabla ya mashine

Mababu zetu wa pwani walilikwepa tatizo kwa akili. Walijenga kwa matumbawe. Tumbawe likichongwa likiwa bichi kutoka baharini ni laini, halafu hukauka na kuwa gumu ukutani. Ukienda Gedi au Kilwa utaona nakshi zilizochongwa hivyo karne nyingi zilizopita. Hata Ngome ya Yesu pale Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na handaki lake lilichongwa ndani ya mwamba huo huo.

Wengine hawakukwepa. Barabara inayopita Ngaremara ukiifuata inakufikisha Moyale, mpaka wa Ethiopia. Huko Ethiopia, mbali zaidi kaskazini, yako makanisa 11 ya Lalibela yaliyochongwa ndani ya mwamba wa volkano kwa zana za mkono. Ukitaka kujua uvumilivu ni nini, hesabu mapigo.

Karne ya 19 ndiyo iliyoishiwa na uvumilivu. Sababu ilikuwa reli. Reli haipandi mlima kama mbuzi, inataka handaki. Kuchimba handaki wakati huo kulikuwa kutoboa matundu kwenye mwamba, kujaza baruti, kulipua, kutoa mawe, kuanza upya. Watu wawili walifanya kazi pamoja: mmoja anapiga kwa nyundo kubwa, mwenzake ameshika tindo kwa mikono mitupu na kulizungusha kati ya pigo na pigo. Yaani mstari wa kwanza wa algorithimu ulikuwa mtu mmoja, wa pili na wa tatu mtu mwingine. Wamarekani wana hekaya ya John Henry, mpigaji Mweusi aliyeshindana na mashine ya mvuke akaishinda, kisha akaanguka akafa nyundo ikiwa mkononi. Hekaya haimsifu sana yule aliyeshika tindo. Mimi ningemsifu yeye.

Mstari wa kwanza: kupiga

Mwishoni mwa miaka ya 1840 huko Philadelphia, J. J. Couch alitengeneza mashine ya mvuke ya kutoboa mwamba. Mvuke una shida moja kubwa: huwezi kuwasha moto na kumwaga moshi ndani ya handaki ambamo watu wanapumua.

Jibu lilipatikana milimani kati ya Ufaransa na Italia. Handaki la Mont Cenis lilianza mwaka 1857 kwa mkono. Lilikuwa la zaidi ya kilomita 12, na kwa mwendo wa mkono lingechukua miongo. Mhandisi Germain Sommeiller akaleta mashine zinazoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, na kuanzia mwaka 1861 zikaanza kazi. Mitambo ya kushindilia hewa ilikaa nje, ikaendeshwa kwa nguvu ya maji ya mlimani, na hewa ikapita kwenye mabomba mpaka ndani. Uzuri wake ni kwamba hewa iliyotumika haiui watu, inawasaidia kupumua. Pande mbili zilikutana Desemba 1870, na handaki likafunguliwa Septemba 1871. Sommeiller mwenyewe alikufa Julai mwaka huo, miezi miwili kabla.

Huko Marekani, Charles Burleigh alifanya vivyo hivyo kwenye handaki la Hoosac kuanzia 1866, na Simon Ingersoll akapata hataza ya mashine yake mwaka 1871. Mashine hizi zilipiga zenyewe, na baadaye zilizungusha zenyewe pia: ndani yake kuna fimbo yenye mifuo ya kujipinda kama ya mtutu wa bunduki, kwa hiyo pistoni ikirudi nyuma inalazimika kugeuka kidogo. Mstari wa kwanza na wa pili ukawa wa mashine.

Ule wa tatu tutaurudia. Uweke akilini.

Umeme waingia

Hewa iliyoshindiliwa inafaa mgodini. Haimfai fundi anayetundika rafu, kwa sababu atembee na kompresa ya ukubwa wa punda. Alihitaji umeme.

Mwaka 1889 Arthur James Arnot na mwenzake William Blanch Brain walipata hataza ya drili ya umeme huko Melbourne, Australia, lakini hiyo haikuwa ya kushika mkononi. Mwaka 1895 kampuni ya Fein ya Stuttgart, Ujerumani, ikatoa drili ya umeme ya kushika. Mwaka 1914 Duncan Black na Alonzo Decker wa Baltimore waliomba hataza ya drili yenye mpini na kifyatulio kama cha bastola, wakaipata mwaka 1917. Angalia drili yoyote leo: bado ina umbo la bastola.

Lakini hizo zote zilizunguka tu. Kwa mbao na chuma, sawa. Kwa jiwe, mstari wa kwanza ulikuwa haupo. Kwenye ukuta mtu alirudi kwenye tindo.

Mambo mawili yalibadilisha hali. La kwanza ni ncha. Mwaka 1923 huko Ujerumani, Karl Schröter wa kampuni ya Osram alipata njia ya kuunganisha unga wa kabaidi ya tangsteni na kobalti ukawa kitu kimoja kigumu mno. Krupp wakaanza kuuza mwaka 1926 kwa jina la Widia, kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi". Kile kipande cha kijivu unachokiona kimechomelewa kwenye ncha ya biti ya ukuta ndicho hicho.

La pili ni mashine yenyewe. Bosch wa Stuttgart walikuwa watu wa vifaa vya magari. Biashara ya magari ilipoyumba miaka ya 1920 wakatafuta kazi nyingine, wakaanza na mashine ya kunyolea nywele mwaka 1928. Mwaka 1932 wakatoa Bosch-Hammer, mashine ya umeme ya mkononi iliyopiga na kuzungusha kwa pamoja. Huyo ndiye babu wa mashine ya binamu yangu. Mwaka 1967 Hilti, kampuni ya Liechtenstein iliyoanzishwa na ndugu wawili mwaka 1941, ikatoa TE 17, iliyoifanya mashine ya namna hii kuwa kifaa cha kawaida mjengoni.

Kuna nini ndani?

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini drili yangu ilishindwa. Wasomaji wanaotaka kununua, someni vizuri.

Drili ya kawaida yenye picha ya nyundo ina visahani viwili vyenye meno. Vikizunguka, meno yanaparamiana, biti inatetemeka mbele na nyuma kidogo sana, makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Nguvu ya pigo inatokana na wewe kusukuma. Kwenye tofali la udongo inafaa. Kwenye lava unasugua tu.

Rotari hama ni kitu kingine. Mota inasukuma pistoni mbele na nyuma ndani ya silinda. Mbele ya pistoni kuna nafasi ya hewa, na mbele ya hewa kuna kipande cha chuma kilicho huru. Pistoni na chuma hicho havigusani kamwe. Pistoni ikija mbele, hewa inabanwa, inakirusha chuma kama risasi, kinagonga kitako cha biti. Pistoni ikirudi, hewa inakivuta. Hewa ni springi isiyochoka. Mashine ndogo ya kilo 2 au 3 inatoa pigo la jouli 2 hadi 3, karibu mara 4,000 kwa dakika. Zile kubwa za kuvunjia sakafu hufika jouli 60 na zaidi kwa pigo moja, lakini hupiga polepole zaidi.

Mjomba kwa nyundo yake anapiga pigo kubwa kuliko mashine ndogo. Ila anapiga mara 40 kwa dakika akiwa na nguvu, na anachoka. Mashine inashinda kwa marudio. Nani kati yetu hajaandika programu ya kijinga inayoshinda kwa marudio? :)

Ubavuni kuna swichi ya hali tatu: kuzungusha tu, kuzungusha na kupiga, au kupiga tu. Hiyo ya mwisho unatia tindo badala ya biti, na drili inakuwa mashine ya kubomoa. Lakini kumbukeni, haikati nondo. Inavunja zege lililozunguka nondo, halafu unahitaji grainda. Na kabla ya kubomoa chochote, muulize anayejua ukuta upi umebeba nini. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa lilianguka Huruma, Nairobi, watu wapatao 50 wakafa. Waokoaji walipita kwenye vifusi vya zege kwa siku nyingi, na mwanamke mmoja alitolewa hai siku ya sita. Zege halina huruma kwa anayelichezea.

SDS, yaani USB ya mafundi

Jambo moja lilibaki. Biti ya kawaida inabanwa na meno matatu. Ukipiga kitu kilichobanwa, unapiga pia kilichokibana, na nguvu inapotea. Mwaka 1975 Bosch wakatoa mfumo wa SDS, kifupi cha maneno ya Kijerumani: ingiza, zungusha, kaa. Biti ina mifereji kitakoni. Unaisukuma inanasa yenyewe, bila ufunguo, na inaachiwa icheze kidogo mbele na nyuma, kwa hiyo pigo lote linakwenda kwenye biti.

Kilichonifurahisha ni kwamba makampuni mengine pia yaliuchukua mfumo huo. Leo kitako cha milimita 10 ni kitako cha milimita 10, iwe mashine imetoka Ujerumani, Japani au Uchina. Kubwa yake, SDS-max, ina milimita 18. Binamu yangu ananunua biti katika duka lolote la hadiwea mjini Isiolo bila kuuliza jina la mashine. Kiwango kizuri ni kile usichokifikiria. Mwaka 1984 Bosch hao hao wakatoa rotari hama ya betri, na siku hizi mtu anaweza kutoboa ukuta mahali ambapo stima haijafika.

Mstari wa tatu

Sasa turudi kwa ule niliosema muuweke akilini.

Miaka ya 1890 huko Denver, Colorado, J. George Leyner alitengeneza drili ya mwamba bora kuliko zote zilizotangulia. Ilikuwa na tindo lenye tundu katikati, na hewa ikapita humo kupuliza unga utoke. Mstari wa tatu ukawa umetimia, na ungedhani historia imekwisha. Lakini unga ulitoka ukaenda wapi? Ukaenda kwenye mapafu ya aliyeshika mashine. Wachimbaji waliipa drili ya namna hiyo jina baya: mfanya wajane. Leyner akaibadilisha ipitishe maji, unga utoke kama tope. Maji yalifanya kazi.

Yaani dawa ilijulikana zaidi ya miaka 100 iliyopita. Hata hivyo mwaka 1930 na 1931, kwenye handaki la Hawks Nest huko West Virginia, wafanyakazi wengi wao Weusi walitoboa mwamba wenye silika nyingi pakavu, bila maji, kwa sababu pakavu ni haraka. Hesabu iliyotajwa Bungeni Marekani mwaka 1936 ilikuwa vifo 476, na uchunguzi wa miongo ya baadaye umekadiria zaidi ya 700.

Ugonjwa wenyewe unaitwa silikosisi. Vumbi la silika lililo jembamba kupita mikroni 4 (unywele wako ni kama mikroni 70) linafika mwisho kabisa wa mapafu, na mwili hauwezi kuliyeyusha. Panakuwa kovu. Kovu halipumui, wala halina dawa ya kulifuta. Linaendelea hata ukiacha kazi, na linamwacha mtu rahisi kushikwa na kifua kikuu. Tangu mwaka 1997 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeliweka vumbi hilo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Kiwango ambacho Marekani iliweka mwaka 2016 ni maikrogramu 50 kwa mita moja ya ujazo wa hewa kwa siku ya kazi ya saa 8. Kwa macho hiyo ni hewa safi kabisa.

Na lava yetu ya Ngaremara? Hapa kuna mtego. Lava nyeusi ina silika huru kidogo. Lakini mchanga tunaochota kwenye laga umejaa kwazi, ambayo ni silika tupu. Plasta, zege na matofali ya simiti vyote vimechanganywa na mchanga huo. Kwa hiyo jiwe gumu linaloogopesha si hatari kubwa kwa mapafu. Plasta laini inayotoboka kama mkate ndiyo ya kuogopa.

Jioni, chini ya mgunga

Jioni ile nilimuuliza mjomba kwa nini alitoka. Alikaa kimya kidogo.

"Mwanangu, mimi hiyo mashine nimeishika miaka kumi na moja."

Sikuwa najua. Nilijua alikuwa Nairobi nilipokuwa mdogo, na kwamba karo yangu ya sekondari ilitoka kwake. Sikujua kazi ilikuwa ipi. Alikuwa mbomoaji wa mijengo: kupasua sakafu, kutoboa kuta za mabomba, kuvunja nguzo zilizomwagwa vibaya. Vyumba vimefungwa, vumbi hulioni mwenzako. Walijifunga leso puani. Leso inazuia mchanga, haizuii mikroni 4. Alipoanza kukohoa alipimwa kifua kikuu mara mbili, hakikuonekana. Picha ya eksirei ndiyo iliyoonyesha makovu. Mkandarasi aliyemwajiri alikuwa amekwisha kuhama, na mjomba alikuwa kibarua wa siku, hana barua wala karatasi ya malipo.

Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na sheria ya fidia ya wanaoumia kazini ya mwaka huo huo, ambayo inatambua magonjwa ya kazini. Maandishi ni mazuri. Lakini nondo ikikuangukia mguuni, tarehe inajulikana. Vumbi halina tarehe. Kibarua aliyefanya kazi mijengo ishirini atamshtaki nani?

"Na ndiyo maana natumia kitambaa chenye maji," akasema. "Baba yangu alinifundisha hivyo kwa tindo. Tulipopewa mashine tukaacha."

Hapo nikaiona hitilafu. Kwenye algorithimu ya mkono, kusafisha kulikuwa kazi ya mtu, na mtu alijua vumbi linakwenda wapi. Tulipohamisha kazi kwenye mashine tulihamisha kupiga na kuzungusha, na mifereji ya biti ikawa inatoa unga nje ya tundu, basi tukaandika kwamba kusafisha kumekwisha. Haikuwa imekwisha. Ilikuwa imetolewa tundu moja ikatupwa kwenye lingine.

Binamu yangu anasemaje

Yeye ndiye mwenye mashine sasa. Inamlisha yeye, mke na watoto wawili. Nilipomwambia kuhusu mashine ya kufyonza vumbi alinijibu kwa upole: "Braza, nikiinunua hiyo nitatoza tundu bei gani? Nani atanilipa?" Ana haki. Na maji siyo jibu rahisi kwake: tindo la mkono unaweza kulimwagia, lakini mashine ya umeme isiyotengenezwa kwa maji ukiimwagia inakuua siku hiyo hiyo, badala ya miaka ishirini.

Basi tulikaa watatu tukapanga cha kufanya kwa uwezo uliopo. Barakoa halisi ya kuchuja vumbi, inayobana uso vizuri, siyo leso. Kopo la plastiki lililokatwa, linapachikwa kwenye biti na kushikiliwa ukutani, linadaka sehemu kubwa ya unga. Milango na madirisha wazi, na anayetoboa asimame upande upepo unakotoka. Vifusi vinyunyiziwe maji mashine ikiwa imezimwa na kuondolewa, ndipo vifagiliwe. Na asiye na kazi chumbani atoke, hasa mwenye simu anayerekodi video. Hizi zinapunguza vumbi, haziliondoi, na nimemwambia binamu hivyo.

Kazi yangu iliyofuata ilikuwa ya matundu 9 katika jengo lenye plasta mpya. Kwenye ankara nikaongeza mstari mmoja: "kuzuia vumbi". Mteja akanipigia simu. Vingine vyote alivikubali, huo akataka niutoe. Nikamweleza, akasema fundi wake wa zamani hakuwa anatoza kitu kama hicho. Nikapunguza malipo yangu mwenyewe, mstari ukabaki. Sijui nitaweza kufanya hivyo mara ngapi.

Ile video ya Ngaremara sikuiweka. Nimeitazama mara nyingi. Kwenye sekunde ya 14, kupitia mlango ulio wazi, anaonekana mzee ameketi mbali chini ya mti, ameupa ukuta mgongo.

Kwa leo niishie hapa. Kama unafanya kazi ya kutoboa au kubomoa, au una mzee nyumbani aliyewahi kuifanya na anakohoa, mwambie aende apigwe picha ya kifua na amtajie daktari kazi aliyoifanya. Madaktari hawaulizi kila mara. Juma lijalo tunarudi kwenye hifadhidata, naahidi.